Nilijenga kwa ahadi ya mwenye nyumba, sasa natakiwa kuhama

Ndugu Mshauri,

Naendesha mashine ya kukoboa na kusaga nafaka katika kata ya Pasua, Manispaa ya Moshi. Banda ninalofanyia kazi ni la mzee mmoja anayeishi Kibosho. Niliingia humo Januari 2021 kwa mkataba wa mwaka mmoja, ulioandikwa na kushuhudiwa katika ofisi ya serikali ya mtaa. Ulipokwisha hatukuandika mwingine. Tangu hapo nimekuwa nikilipa kodi ya miezi sita sita, Januari na Julai, shilingi 2,400,000 kila mara, naye amekuwa akipokea bila neno.

Mwaka 2023 niliamua kuhama. Mota niliyokuwa nayo ilikuwa ndogo, banda halikuwa na umeme wa njia tatu, na wateja walikuwa wakichoka kusubiri na kwenda kusaga kwingine. Nilikuwa nimepata eneo jirani na Soko la Mbuyuni, umeme upo, na bei tumekubaliana. Nilipomwarifu Mzee, alikuja mwenyewe, akazunguka banda, kisha akaniambia mbele ya fundi wangu na jirani yangu muuza mkaa: "Usihame, mama. Vuta umeme hapa hapa, jenga unavyotaka, nami nakuachia banda hili miaka kumi. Kodi tutakuwa tunaongea kila baada ya miaka mitatu." Aliniandikia kwa mkono wake barua ya kuridhia umeme uingizwe, nikaiambatanisha na ombi langu TANESCO.

Kwa maneno hayo niliachana na eneo la Mbuyuni. Nilitumia shilingi 14,600,000: umeme na nyaya 3,900,000, sakafu ya zege na msingi wa mashine 2,300,000, kuinua paa na kujenga stoo 3,400,000, na mota kubwa pamoja na kinu kipya 5,000,000. Mzee alipita mara kadhaa kazi ikiendelea, na siku moja alimwonyesha fundi mahali pa kupitishia maji ya mvua.

Mwaka jana Mzee alianza kuugua, na kijana wake mkubwa akashika usimamizi. Nilimwomba tuandike mkataba. Akanijibu kwa WhatsApp: "Mkataba mpya unaandaliwa, tutasaini tukishaelewana kodi." Nikatulia. Septemba mwaka huu nimepokea barua inayonitaka nihame ifikapo mwisho wa Novemba, ingawa kodi nimelipa hadi mwisho wa Desemba. Nasikia yuko mfanyabiashara aliyeahidi kilemba kikubwa kwa sababu umeme umeshafika. Kijana ananipa shilingi milioni mbili "za usumbufu" endapo nitasaini kwamba sina madai yoyote. Ndugu zangu wanasema kwa kuwa sina maandishi ya ile miaka kumi, nichukue hizo milioni mbili niondoke kwa amani. Je, ni kweli sina haki yoyote?

Mwenye mashine, Pasua

Dada yangu,

Pole sana. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, kwa sababu majibu yake yamefungwa katika mambo madogo uliyoyataja kwa kupita, na baadhi yake hayako upande ule unaoudhania.

Nianze na hoja ya ndugu zako, ambayo ina msingi. Kifungu cha 64 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kinasema kwamba mkataba wa kuhamisha haki katika ardhi, ukiwemo wa upangishaji, hauwezi kutekelezwa mahakamani isipokuwa uwe umeandikwa, au masharti yake yawe yamewekwa katika maandishi, na uwe umesainiwa na yule anayedaiwa. Upangishaji mfupi, usiozidi mwaka mmoja, unaruhusiwa kufanywa kwa mdomo; wa miaka kumi hauruhusiwi. Kwa hiyo ukienda kwenye baraza la ardhi na kusema kwamba una mkataba wa miaka kumi na Mzee, utashindwa asubuhi na mapema.

Hata hivyo, hata tukiiweka kando ile ahadi, wewe si mtu wa kuondolewa kwa barua ya miezi miwili. Mpangaji ambaye muda wake haukutajwa, na ambaye kodi yake inapokelewa kwa vipindi, anahesabiwa na sheria hiyohiyo kuwa mpangaji wa kipindi kile anacholipia, na kipindi chako ni miezi sita. Notisi ya kumwondoa haipaswi kupungua urefu wa kipindi hicho, na inapaswa kuishia siku ambayo kodi inafikia ukomo. Notisi iliyotolewa Septemba inatimiza miezi sita mwezi Machi, katikati ya kipindi, hivyo mapema kabisa inaweza kukuondoa mwishoni mwa Juni. Huo ni muda wa kupumua na kujipanga, nao ni wako bila kuhitaji kuthibitisha neno lolote alilolisema Mzee.

Sasa tuje kwenye ile ahadi. Ipo kanuni ambayo wanasheria huiita estopeli, yaani kumzuia mtu kukana jambo alilomfanya mwenzake aliamini na kulitendea kazi. Kifungu cha 123 cha Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 kinaieleza kwa upana: mtu aliyesababisha au kuruhusu mwingine aamini jambo fulani kuwa ni kweli na kutenda kwa imani hiyo, haruhusiwi yeye wala mwakilishi wake kulikana jambo hilo katika shauri baina yao. Mawakili wengi hukimbilia kifungu hicho na kuishia hapo. Nakusihi wakili wako asiishie hapo, kwa kuwa kifungu kinazungumzia zaidi jambo lililokwishakuwapo, na ahadi ya miaka kumi ni jambo la mbele. Msaada wako mkubwa uko katika kanuni za usawa, yaani kanuni za haki zinazolainisha ukali wa sheria, ambazo mahakama zetu zilizirithi kama zilivyokuwa Uingereza tarehe 22 Julai 1920, na ambazo kifungu cha 180 cha Sheria ya Ardhi kinaruhusu zitumike pia kama zinavyoendelea kutumika katika nchi nyingine za Jumuiya ya Madola, ilimradi ziendane na mazingira ya Tanzania. Ndiyo maana nitakutajia mashauri ya mbali. Yana nafasi halali katika mgogoro wa banda la Pasua.

Shauri la kwanza ni la mwaka 1866, Ramsden dhidi ya Dyson, kutoka Huddersfield. Wapangaji walijenga kwenye ardhi ya mwenye mali mkubwa wakiamini kwamba hawatasumbuliwa na kwamba watapewa upangishaji wa miaka 60 wakiuomba. Walishindwa. Wengi wa majaji waliona kwamba mpangaji anayejenga akijua kwamba upangaji wake unaweza kusitishwa amejitakia hatari hiyo mwenyewe. Lakini Jaji Kingsdown, aliyetofautiana na wenzake kuhusu matokeo, aliandika maneno ambayo yamebaki kuwa nguzo ya kanuni hii: kwamba mtu akijenga kwa matarajio yaliyoundwa au kutiwa moyo na mwenye ardhi, na mwenye ardhi akajua na asipinge, mahakama itamlazimisha mwenye ardhi kuyatimiza matarajio hayo. Soma hapo kwa makini. Kiasi cha fedha ulichotumia hakitoshi. Kinachotafutwa ni nani aliyekufanya uzitumie.

Shauri linalofanana zaidi na lako ni la wenye maduka wa Bournemouth, Taylors Fashions dhidi ya Liverpool Victoria Trustees, lililoamuliwa mwaka 1979. Wafanyabiashara wawili walipanga maduka ya mwenye mali mmoja, wote wakiamini kwamba wana haki ya kuongezewa muda, kumbe haki hiyo ilikuwa imepoteza nguvu kwa kutosajiliwa. Wote wawili walitumia fedha nyingi. Taylors waliweka hata lifti. Taylors walishindwa, kwa sababu hawakuonyesha kwamba matumizi yao yalitokana na kutiwa moyo na mwenye nyumba. Jirani yao, Old & Campbell, walishinda, kwa sababu walifanya kazi kubwa na kupanga sehemu ya ziada huku mwenye nyumba mwenyewe akiwaonyesha kwamba haki ile ipo.

Jiulize basi uko upande wa nani kati ya hao wawili. Kijana wa Mzee atasema kwamba ulihitaji mota kubwa kwa faida yako na kwamba sakafu ungeimwaga hata hivyo. Jibu lako ni Mbuyuni. Ulikuwa unaondoka, eneo ulilipata, bei mlikubaliana, na Mzee ndiye aliyekurudisha kwa ahadi. Kwangu mimi hilo ndilo jambo zito kuliko yote katika barua yako, nawe umelitaja kwa sentensi moja tu. Mtafute mwenye eneo lile la Mbuyuni akiwa bado anakumbuka. Kama mliandikiana ujumbe wa simu, au ulimlipa dalali, ushahidi huo una thamani kuliko risiti zote za saruji.

Jambo la pili lenye uzito ni ile barua ya kuridhia umeme. Haitaji miaka kumi, na kwa hiyo haikidhi kifungu cha 64, lakini inaonyesha kwa mkono wa Mzee mwenyewe kwamba alijua mpangaji wa miezi sita anaingiza umeme wa mamilioni kwenye banda lake, na akakubali. Omba nakala yake kutoka katika jalada la ombi lako la umeme. Na lile la kumwelekeza fundi mahali pa kupitishia maji ya mvua lisipotee. Mwaka 1988 Mahakama Kuu ya Australia, katika shauri la Waltons Stores dhidi ya Maher, iliibana kampuni iliyokuwa ikijadiliana kupanga jengo katika mji wa Nowra. Kampuni hiyo ilikaa kimya huku ikijua kwamba mwenye kiwanja amebomoa jengo la zamani na anajenga jipya kwa ajili yake, ikaja kujitoa wakati ujenzi umefikia karibu nusu. Kule aliyebanwa alikuwa mpangaji, lakini msingi ni uleule, kwamba anayejua na kunyamaza wakati mwenzake anazama anawajibika. Mzee alifanya zaidi ya kunyamaza.

Nakuja sasa kwenye ujumbe wa WhatsApp, ambao naamini unauona kuwa silaha yako. Naomba usiutangulize. "Tutasaini tukishaelewana kodi" ni maneno ya watu ambao bado hawajafungana. Katika miaka ya 1980 Baraza la Rufani la London, likisikiliza shauri la Humphreys Estate kutoka Hong Kong, lilikataa madai ya serikali iliyokuwa imetumia fedha wakati wa majadiliano yaliyoandikwa wazi kwamba yanategemea mkataba kusainiwa. Kila upande ulijua kwamba mwenzake anaweza kujitoa. Mwaka 2008, katika shauri la Cobbe dhidi ya Yeoman's Row, majaji wa Uingereza waliongeza ukali: wafanyabiashara wazoefu wanaojua kwamba makubaliano yao hayajakamilika kisheria hawawezi kutegemea kanuni hii kuwajazia mapengo. Bahati yako ni mpangilio wa nyakati. Ujumbe wa kijana ulikuja mwaka mmoja baada ya zege kukauka, na fedha ulizitumia kwa neno la Mzee la mwaka 2023. Maelezo yako yote, kwa mdomo na kwa maandishi, yaanze na siku ile bandani.

Kifungu chepesi kushambuliwa katika ahadi yenyewe ni kodi. "Tutakuwa tunaongea" inaacha swali bila jibu, na wakili wa upande wa pili atalishika hilo. Usijaribu kulifunika. Sema wazi kwamba uko tayari kulipa kodi ya soko kwa eneo hilo, ikipimwa na mthamini ambaye mtakubaliana.

Je, utapata miaka kumi? Sidhani kwamba ni busara kuitegemea yote. Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika shauri la Guest la mwaka 2022, ilieleza kwamba lengo ni kuondoa dhuluma inayotokana na kuivunja ahadi; jaji huanza na kile kilichoahidiwa, kisha hupima kama kukitoa chote kungepita kiasi ukilinganisha na hasara aliyoipata mlalamikaji. Katika 14,600,000 zako, mota na kinu vya 5,000,000 ni vyako na unavibeba. Zilizozama katika banda ni 9,600,000, na miaka uliyokwisha kusaga humo nayo itahesabiwa. Kwa maoni yangu, dai la kubaki miaka kadhaa ya kurudisha gharama, au fidia ya kile ulichokizamisha na bado hakijajilipa, linasimama imara zaidi kuliko kung'ang'ania mwaka wa kumi. Wakili aweke pia dai la akiba, la kutegemewa endapo lile la kwanza litashindwa, chini ya kifungu cha 70 cha Sheria ya Mikataba, kinachomtaka anayefaidi kazi aliyofanyiwa na mtu asiyekusudia kuifanya bure amlipe. Kama ni kweli kwamba mpangaji mpya anavutwa na umeme ulioleta wewe, faida hiyo inaonekana kwa macho.

Lakini kabla ya yote hayo, utoe mkataba wa 2021 kabatini na uusome mstari kwa mstari. Mikataba mingi ya fremu na mabanda ina sharti kwamba marekebisho yoyote ya mpangaji yanabaki kuwa mali ya mwenye nyumba bila fidia. Likiwamo, upande wa pili watadai kwamba masharti yale yaliendelea baada ya muda kwisha, na hoja yako itabidi iwe kwamba Mzee aliyavuka kwa ahadi mpya. Angalia pia kama ulilipiwa ushuru wa stempu, kwani hati isiyolipiwa haipokelewi kuwa ushahidi mpaka ushuru na adhabu vilipwe. Vilevile, mpangaji wa biashara anapaswa kuzuia asilimia 10 ya kodi ya pango na kuiwasilisha TRA. Kama hukufanya hivyo, kalitengeneze sasa, maana anayeomba usawa huulizwa kwanza kama mikono yake ni safi.

Kuhusu hatua, jibu barua ya Septemba kwa maandishi wiki hii. Eleza kwamba notisi haikidhi sheria, taja ahadi na gharama, na upendekeze mazungumzo. Kodi ya Januari ilipe kwa wakati kupitia benki. Ikikataliwa, hifadhi ushahidi wa kukataliwa. Simu yenye ujumbe usiibadilishe wala usifute chochote. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ujumbe wa aina hiyo kuwa ushahidi, lakini uhalisi wake hupimwa, na picha ya skrini pekee haina nguvu kama simu yenyewe.

Shauri lenu litaanzia Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 linasuluhisha tu na halitoi hukumu. Likishindwa, au siku 30 zikipita bila suluhu, unaweza kufungua shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hapo Moshi. Ukiona dalili za kufuli kubadilishwa au bidhaa kutolewa nje, mweleze wakili aombe zuio la muda mara moja. Tangu shauri la Atilio dhidi ya Mbowe la mwaka 1969, mwombaji wa zuio huonyesha mambo matatu: kwamba lipo swali la kweli la kuamuliwa, kwamba ataumia kwa namna ambayo fedha haiwezi kuponya vizuri, na kwamba hasara yake ikinyimwa zuio ni kubwa kuliko ya mwenzake likitolewa. Wateja waliozoea mashine mahali fulani hawahamishwi kwa lori, na hilo baraza linalielewa.

Kuna jambo moja ambalo naliomba kwa msisitizo. Nenda Kibosho ukamwone Mzee. Usiende peke yako, wala usiende na fundi aliyeshuhudia. Nenda na mtu mzima anayeheshimika na familia zote mbili, mumjulie hali, na kama afya yake inaruhusu, mumweleze kinachoendelea. Kijana anasimamia, lakini mali ni ya baba yake, na inawezekana kabisa kwamba Mzee hajui kuhusu barua ya Septemba. Akikumbuka na kukubali maneno yake, aandikiwe na kusaini mbele ya wakili, kwa hiari yake na familia ikijua, ili baadaye asije mtu akasema kwamba mlimrubuni mgonjwa. Mungu asipende likatokea la kutokea, dai lako halifi naye, kwa kuwa msimamizi wa mirathi ni mwakilishi wake; lakini atabaki fundi na jirani muuza mkaa peke yao kueleza alichosema, na upande wa pili utawauliza wamelipwa kiasi gani.

Na zile milioni mbili, usizipokee kwa masharti hayo. Ukisaini kwamba huna madai yoyote, utakuwa umeuza miezi yako ya notisi, dai la fidia na nafasi ya mazungumzo kwa bei isiyofikia hata kodi ya kipindi kimoja. Kama kijana yuko tayari kulipa, mwambie aweke mezani hesabu inayoanzia kwenye 9,600,000 na muda wa kuhama unaoishia Juni, na karatasi yoyote atakayoleta isomwe na wakili wako kabla kalamu yako haijaigusa.